Uamuzi Kwanza, Kompyuta Baadaye: Mwongozo wa Kujenga Mfumo wa Taarifa Katika Biashara

Mwenye duka la jumla anayefungua tawi la pili hukutana na tatizo ambalo hakuwa nalo alipokuwa na duka moja. Wakati ule alikaa kaunta mwenyewe: aliuona mzigo ukiingia, alimjua mdaiwa kwa sura, na jioni alifunga hesabu kwa kuhesabu fedha za droo. Sasa nusu ya mali yake iko mahali asipopaona. Mauzo yanapanda, lakini fedha za kumlipa msambazaji hazitoshi. Stoo imejaa, lakini bidhaa wanayoiulizia wateja haimo. Hapo ndipo wengi hushauriwa wanunue programu ya kompyuta, nao hununua. Miezi michache baadaye programu inatoa ripoti ndefu zisizosomwa na mtu, na mmiliki bado anapiga simu kila tawi kuuliza hali ikoje. Mwongozo huu unapendekeza njia ya kinyume. Mfumo wa taarifa huisaidia biashara kwa kadiri unavyoboresha maamuzi ya wanaoiendesha. Kwa hiyo anza na uamuzi unaotaka kuufanya vizuri zaidi, rudi nyuma hadi kwenye tukio linalopaswa kuandikwa ili uamuzi huo uwezekane, na mwisho kabisa chagua chombo cha kuandikia.

Mfumo wa taarifa ni watu, utaratibu, kumbukumbu na vyombo vinavyofanya kazi pamoja, ili jambo lililotokea mahali pamoja lijulikane kwa wakati na mtu anayepaswa kuchukua hatua mahali pengine. Kwa maana hiyo kila biashara tayari inao mfumo, hata ile yenye daftari la madeni na kitabu cha risiti tu. Waliosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari walilijua jambo hili kabla ya kompyuta kuja. Lakini daftari lenyewe halitoshi ikiwa limefungiwa kabatini na anayepaswa kuamua hajui lina nini. Tena watu wa ngazi mbalimbali hawahitaji habari moja. Keshia anahitaji bei ya sasa hivi na kujua kama bidhaa ipo. Msimamizi wa tawi anahitaji kuona wiki yake: kilichouzwa, kilichopungua, anayedaiwa. Mmiliki au bodi inahitaji kuona mwelekeo wa msimu mzima: tawi lipi linajilipa, bidhaa ipi inashikilia mtaji bila faida. Mfumo unaompa kila mmoja ripoti ile ile huwa haujamsaidia yeyote.

Ushahidi wa zamani kabisa wa hoja hii unatoka kwa kampuni ya kwanza duniani kuweka kompyuta katika kazi za kila siku za biashara. Haikuwa kampuni ya mitambo. Ilikuwa J. Lyons ya Uingereza, iliyooka mikate na keki na kuendesha migahawa ya chai. Kompyuta yao, iliyoitwa LEO, ilianza kufanya hesabu za gharama za kiwanda cha mikate mwezi Novemba 1951. Kinachosahaulika ni kwamba Lyons walikuwa na idara ya kuchunguza taratibu za ofisi tangu 1932, karibu miaka 20 kabla ya mashine hiyo. Idara hiyo ilikuwa imeshapitia fomu moja baada ya nyingine ikiuliza nani anaisoma na anafanya nini baada ya kuisoma. Mwaka 1954 walipoipa LEO kazi ya oda za migahawa, hawakuhamishia kwenye mashine kila fomu iliyokuwepo. Kila mgahawa uliwekewa oda ya kawaida kwa kila siku ya wiki, na msimamizi wake alipiga simu kutaja mabadiliko tu. Kutokana na mabadiliko hayo mashine ilikokotoa kiasi cha kuzalisha, kiasi cha kupakia na mahali pa kupeleka. Kazi ya kufikiri ilifanyika kwanza, na kompyuta ikaja kuiharakisha.

Andika maamuzi kabla ya kutafuta programu

Hatua ya kwanza haihitaji umeme. Chukua karatasi, andika maamuzi kumi yanayorudiwa mara kwa mara katika biashara au chama chako, na mbele ya kila moja jibu maswali manne: nani anaamua, anaamua lini, anahitaji namba gani mkononi, na akikosea hasara ni ipi. Utaona mara moja kwamba maamuzi hayana uzito sawa. Kuagiza mzigo, kumkopesha mteja, kupunguza bei ya bidhaa inayokaribia kuisha muda wake, kumlipa msambazaji leo au wiki ijayo: haya hugusa mtaji moja kwa moja. Kubadilisha rangi ya nembo hakuugusi. Panga orodha kwa ukubwa wa hasara, kisha shughulikia matatu ya juu. Ukianza na yote kumi, watumishi watajaza fomu mpaka wachoke, na katika wiki ya tatu wataanza kubuni namba ili fomu zijae.

Chukua uamuzi wa kuagiza mzigo. Tuseme tawi linauza katoni 20 za mafuta ya kula kwa siku, na msambazaji huchukua siku 6 kufikisha mzigo. Katika siku hizo katoni 120 zitauzwa. Ukiweka akiba ya siku 2 kwa ajili ya barabara mbovu au gari kuharibika, unaongeza katoni 40. Basi oda itolewe stoo inapobaki na katoni 160, si pale rafu inapoonekana tupu. Kanuni hii nyepesi inadai namba tatu tu: mauzo ya siku, muda wa kuletewa mzigo, na salio la stoo lililo sahihi. Namba ya tatu ndiyo inayosumbua wengi, na sasa unajua kwa nini uhangaike nayo. Madeni nayo ni vivyo hivyo. Kuambiwa kwamba wateja wanadaiwa shilingi milioni 12 hakukusaidii kuamua lolote. Ukiambiwa kwamba milioni 7 hazijafikisha siku 30, milioni 3 ziko kati ya siku 31 na 60, na milioni 2 zimepita siku 90 zikiwa kwa wateja wanne, unajua asubuhi hiyo hiyo umfuate nani na usimwongezee nani mzigo. Deni halijabadilika kwa shilingi moja. Kilichobadilika ni mpangilio wa taarifa, na mpangilio huo umetokana na uamuzi unaotaka kuufanya.

Tukio liandikwe mara moja, pale linapotokea

Ukishajua namba unazozihitaji, zifuate hadi zinapozaliwa. Salio la stoo huzaliwa mzigo unapopokelewa, unapotolewa, unapoharibika na unaporudishwa. Kila moja ya nyakati hizo ni tukio, na kila tukio linahitaji mtu mmoja anayewajibika kuliandika pale pale, wakati ule ule, kwenye hati yenye namba. Kosa lililozoeleka ni kuandika tukio moja mara tatu: mtunza stoo kwenye daftari lake, keshia kwenye kitabu cha mauzo, mhasibu kwenye kompyuta mwisho wa mwezi. Kumbukumbu tatu za jambo moja huzaa majibu matatu, na kikao cha mwezi huishia kubishana ipi ni ya kweli badala ya kuamua la kufanya. Afadhali hati moja yenye nakala mbili, ambayo kila anayehitaji habari hiyo anaisoma, kuliko madaftari matatu yanayopingana.

Sambamba na hilo, yape vitu majina yasiyobadilika. Kama mtunza stoo anaandika “sukari kg 50”, keshia anaandika “sukari mfuko” na tawi la pili linaandika “sukari kubwa”, hakuna kompyuta itakayojua kwamba ni bidhaa moja. Weka orodha moja ya bidhaa, kila moja na namba yake, kipimo chake na idadi iliyomo ndani ya katoni, na mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kuongeza au kubadilisha. Kazi hii inachosha na huonekana ya kikarani, lakini kampuni kubwa zimeanguka kwa kuidharau. Target, kampuni ya maduka ya Marekani, iliingia Kanada mwaka 2013 na kufungua maduka 133 kwa mwendo wa haraka. Taarifa za bidhaa ziliingizwa kwa pupa: vipimo vya urefu na upana vilipishana, vingine vilikuwa vya kipimo kisicho sahihi, vingine havikuwepo. Maghala yalijaa hadi kuzidiwa, na rafu za madukani zilikuwa tupu. Januari 2015 kampuni ilitangaza kuondoka nchini humo. Ilikuwa na sababu nyingine pia za kushindwa, zikiwemo bei na maeneo ya maduka, lakini programu ya gharama kubwa haikuweza kutengeneza ukweli kutokana na taarifa potofu.

Namba ya muamala ndiyo kamba inayofunga matukio pamoja. Tanzania ilipoanza kukusanya malipo ya Serikali kupitia mfumo wa GePG mwaka 2017, jambo la msingi lilikuwa kumpa kila mlipaji kumbukumbu namba ya malipo kabla hajalipa. Fedha zikiingia zinajulikana ni za nani, za huduma gani na za taasisi ipi, hata zikilipwa kwa wakala wa simu kijijini. Linganisha na akaunti ya benki inayopokea malipo yasiyo na maelezo: fedha zipo, lakini hakuna anayejua nani amelipa na nani bado. Historia ya M-Pesa ina somo la jinsi hiyo. Kabla ya kuzinduliwa Kenya Machi 2007, ilijaribiwa kuanzia 2005 kwa ajili ya wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo yao. Fedha zilisafiri kwa simu vizuri, ila taasisi ilipata taabu kuoanisha malipo hayo na vitabu vyake vilivyopangwa kwa vikundi. Kwako wewe somo ni fupi: usitume ankara isiyo na namba, mwombe kila mteja aitaje namba hiyo anapolipa, na usipokee malipo kwenye simu binafsi ya mfanyakazi.

Linganisha kila siku

Kumbukumbu huaminika pale tu zinapolinganishwa na kitu kisichotoka mkononi mwa aliyeziandika. Kila jioni duka lina vyanzo vinne vya habari kuhusu siku ile: fedha zilizo kwenye droo, malipo yaliyoingia kwa lipa namba na benki, ripoti ya Z (jumla ya siku) ya EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, na mabadiliko ya stoo. Wafanyabiashara wengi wa Tanzania wameiona EFD, tangu ilipoanza kutumika mwaka 2010, kuwa ni jambo la Mamlaka ya Mapato (TRA) peke yake. Lakini ripoti yake ya siku ni ushahidi ambao umeshaugharamia, na ukiutumia unakueleza mauzo yako kwa siku bila kumwuliza mtu. Jumlisha fedha taslimu, malipo ya simu na benki, na mauzo ya mkopo. Lazima yalingane na mauzo yaliyotolewa risiti, na mauzo hayo yalingane na kilichopungua stoo. Tofauti ikionekana leo, wahusika bado wanakumbuka. Ikionekana mwisho wa mwezi, kila mtu ana maelezo yake na hakuna wa kuyathibitisha. Kwa stoo kubwa usisubiri kuhesabu kila kitu mara moja kwa mwaka: hesabu bidhaa chache kila siku, zile za thamani kubwa zaidi zikirudiwa mara kwa mara.

Ulinganishi huo hauna maana ikiwa mtu mmoja anashika kila kitu. Anayeagiza mzigo asiwe ndiye anayeupokea, anayepokea fedha asiwe ndiye anayeandika leja, na anayesamehe deni asiwe ndiye aliyelitoa. Biashara yenye watumishi watatu haiwezi kutenganisha kazi zote, na hapo mmiliki mwenyewe achukue hatua moja katika kila mnyororo, kwa kawaida kuidhinisha malipo na kusoma taarifa ya benki. Ukitumia kompyuta, kila mtu awe na nywila yake, na kufuta muamala kuache alama inayoonyesha nani amefuta na saa ngapi. Wapo wanaosema kwamba huku ni kuwatilia shaka watu waaminifu. Ukweli ni kwamba mtumishi mwaminifu ndiye anayehitaji utaratibu huu zaidi, kwa sababu fedha zikipotea mahali ambapo wote wanatumia nywila moja, hana njia ya kujitetea.

Daftari, Excel au programu?

Sasa ndipo swali la chombo linapofika, na pingamizi la kwanza linalosikika ni kwamba biashara ni ndogo na daftari linatosha. Mara nyingi ni kweli. Duka moja lenye bidhaa chache, wateja wanaolipa taslimu na mmiliki anayekuwepo kila siku halipati faida kubwa kwa kununua programu. Daftari linaanza kushindwa unapoona dalili hizi: jibu la swali rahisi, kama salio la mteja, linachukua zaidi ya dakika chache, tawi moja linakosa bidhaa ambayo tawi lingine limeilundika, au mtu mmoja akiugua, hesabu zinasimama. Dalili mojawapo ikidumu, panda ngazi. Usipande kwa sababu jirani amenunua.

Ngazi inayofuata kwa wengi ni Excel, nayo inafaa sana kwa kuchambua namba. Udhaifu wake ni kwamba haikulazimishi kuwa na utaratibu: mtu anaweza kufuta mstari bila kujua, na nakala tano za faili moja zinaweza kuzunguka kwenye simu za watu. Mwishoni mwa Septemba 2020 mamlaka ya afya ya Uingereza iliacha nje ya takwimu zake wagonjwa 15,841 wa korona, kwa sababu taarifa zilipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani lenye kikomo cha mistari 65,536. Kilichozidi hapo kilikatwa, na kazi ya kuwatafuta waliokutana na wagonjwa hao ikachelewa. Taasisi ile haikukosa wataalamu wala fedha. Ilikosa hatua moja ya kulinganisha idadi iliyotumwa na idadi iliyopokelewa. Basi ukitumia Excel, weka jumla ya kuhakiki kila faili linapohama, mtu mmoja awe mwenye faili, na usiifanye kuwa leja ya fedha za watu wengi kama wanachama wa SACCOS.

Ukifikia kununua programu, nenda kwa muuzaji na orodha yako ya maamuzi, usiende kusikiliza sifa zake. Mwambie akuonyeshe, kwa bidhaa na wateja wanaofanana na wako, jinsi programu inavyotoa namba za yale maamuzi matatu ya juu. Muulize kama inaendelea kufanya kazi umeme au intaneti ikikatika, kama inaungana na mfumo wa risiti za kodi, na nani atakujibu Jumamosi jioni mauzo yakikwama. Muulize pia kama unaweza kuzitoa taarifa zako zote siku utakapoachana naye, na jibu hilo liandikwe kwenye mkataba. Katika gharama usihesabu bei ya kununua peke yake. Weka ada ya mwaka, mafunzo, kifurushi cha intaneti, umeme wa akiba, na muda wa watumishi kuingiza taarifa za awali. Jumla ya miaka mitatu ndiyo bei halisi, na ndiyo uilinganishe na hasara uliyoiandika mbele ya kila uamuzi. Ikiwa hasara hiyo ni ndogo kuliko bei, bado hujafikia ngazi ya programu.

Kuhamia mfumo mpya

Siku ya kuhama ni ya hatari kuliko siku ya kununua. Hershey, kampuni ya Marekani inayotengeneza chokoleti, ilitumia takribani dola milioni 112 kwa mifumo mipya na kubana ratiba ili imalize mapema. Uwashaji uliokusudiwa Aprili 1999 ukasogea hadi Julai, yaani wakati maduka yanaanza kuagiza peremende za sikukuu za mwisho wa mwaka. Oda za takribani dola milioni 100 hazikufikishwa ingawa bidhaa zilikuwemo maghalani, kwa kuwa mfumo haukujua zilipo. Kwako msimu huo unaweza kuwa Ramadhani, Desemba, kufunguliwa kwa shule au mavuno ya korosho. Hamia katika mwezi mtulivu. Anza na tawi moja au kazi moja, hesabu stoo kwa mkono siku ya kuanza ili salio la kwanza liwe sahihi, na tumia mfumo wa zamani na mpya kwa pamoja mpaka hesabu za mwisho wa mwezi zilingane. Kazi itakuwa mara mbili kwa wiki kadhaa, nayo ilipwe kama kazi ya ziada. Watumishi wanaobebeshwa mzigo huo bure hawakosi njia ya kuukwepa.

Upinzani wa watumishi nao usiuite ukaidi kabla ya kuusikiliza. Mtunza stoo anayekataa fomu mpya huenda anajua jambo usilolijua: kwamba magari hufika usiku wakati kompyuta imefungiwa ofisini, au kwamba mizigo hutolewa kwa simu ya bosi bila hati. La pili ndilo la hatari zaidi. Mmiliki anayechukua fedha kwenye droo bila kuandika amewafundisha watumishi wote kwamba mfumo ni kwa ajili ya wadogo, na hakuna programu inayoweza kuurekebisha mfano huo. Jiandikie hati kama unavyomwandikia mwingine.

Namba nazo zihojiwe

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa pili: kwamba mifumo inaweza kutuonea. Linastahili jibu la kweli, kwa sababu limewahi kutokea kwa kiwango kikubwa. Shirika la Posta la Uingereza lilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon mwaka 1999. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha kwenye ofisi ndogo za posta, na waendeshaji wake walipokana, kompyuta ndiyo iliyoaminiwa. Hadi 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wamehukumiwa kwa makosa kama wizi na udanganyifu wa hesabu. Wapo waliofungwa, na wengi walilipa kutoka mifukoni mwao upungufu ambao huenda haukuwepo. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzalisha upungufu wa uongo, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu hizo. Hoja inayotoka hapa haisemi turudi kwenye daftari, ambalo nalo limewafunga wasio na hatia. Inasema kwamba namba ya kompyuta ni madai yanayohitaji ushahidi wa pili. Weka utaratibu kwamba upungufu ukionekana, mhusika aonyeshwe miamala iliyouzaa, apewe muda wa kuijibu, na mtu mwingine asiye msimamizi wake ahakiki kabla ya shilingi kukatwa kwenye mshahara.

Taarifa zenyewe zinahitaji kulindwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote zinakutaka ukusanye taarifa za watu kwa sababu inayoeleweka na usizitumie kwa jambo jingine. Kanuni ya kuanza na uamuzi inakusaidia hapa pia: kama hakuna uamuzi unaohitaji namba ya kitambulisho cha mteja, usiichukue, nawe hutakuwa na cha kuvujisha. Kwa zile unazozihitaji, weka nakala ya akiba kila siku nje ya jengo la biashara, na mara moja kila robo mwaka jaribu kuirejesha. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu. Mfanyakazi akiondoka, nywila yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Baada ya miezi mitatu upime mfumo kwa kipimo kile kile ulichoanza nacho. Usiulize umetoa ripoti ngapi, uliza ni uamuzi gani ulifanyika tofauti kwa sababu yake. Kaeni kila Jumatatu na karatasi moja yenye namba chache: mauzo kwa tawi, salio la fedha, madeni kwa umri, bidhaa zilizofikia kiwango cha kuagiza, na tofauti za ulinganishi wa wiki. Mbele ya kila namba iandikwe hatua, jina la mhusika na tarehe. Ripoti ambayo kwa majuma nane mfululizo haikuzaa hatua yoyote iondolewe, pamoja na fomu inayoilisha, ili watumishi wapunguziwe kazi. Ni kweli kwamba yapo mambo ambayo namba hazitakuambia: mteja mkubwa aliyekasirika bila kusema, soko linalojengwa barabara ya pili, msambazaji anayeanza kuyumba. Hayo bado yanahitaji meneja atoke ofisini akazungumze na watu. Mfumo mzuri unampa nafasi ya kutoka, kwa sababu hatumii tena asubuhi nzima kutafuta kilichobaki stoo. Wiki hii, basi, andika maamuzi yako kumi na uchague matatu. Muuzaji wa programu anaweza kusubiri mpaka umalize.